Mashine ya Kusugulia na Bega la Dada

4 Februari

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa, maana imetoka mbali na imechoka. Mama naye mpe shikamoo yake, ila umpigie kelele kwenye sikio la kushoto, lile la kulia najua lilishastaafu. Shemeji mwambie namsalimu sana, na kama ile redio ya jirani aliyochukua kuitengeneza bado iko mezani kwake tangu mwaka juzi, basi aitangaze rasmi kuwa ni yake.

Mimi nipo, nipo sana. Kazini nimepanda. Jengo letu lina ghorofa kumi na moja na vyumba zaidi ya mia mbili, kila chumba na bafu lake. Mabafu yote hayo, dada, yako chini ya jicho langu. Nikisema bafu hili halijang'aa, basi halijang'aa, hata aje nani. Watu wa huku wananiita Mkuu wa Mng'aro. Nimetembea, nimeona, na nakuambia kuna vyoo huku duniani mtu anaingia anatoka amesahau alichofuata, kwa uzuri. Hapo msomee Mama taratibu, na kama majirani wapo barazani rudia mara mbili.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Barua yako iliyopita ilikuwa na kurasa tatu. Ukanieleza habari za paka, ukanieleza paa la jirani lilivyovuja, ukanieleza hata rangi ya viatu vya mtu ambaye simjui. Lakini kazini kwako hukugusa hata kwa ncha ya kalamu. Miaka kumi na tisa unafanya kazi kwenye nyumba ile ya wageni, na kila barua unanisimulia nani kasahau meno yake ya bandia kwenye glasi. Leo kimya. Mimi nimekaa na watu wa kila aina, dada, najua kimya cha mtu mwenye amani na kimya cha mtu aliyefunika kitu kwa sufuria. Funua.

Mdogo wako,
Meya
(jina ulilonipa mwenyewe nikiwa na miaka sita, kwa kuwaamrisha watu nisiowalisha)


2 Machi

Mdogo wangu Meya,

Marahaba. Ya Mama nimeifikisha, na imesikika hadi nyumba ya nne. Habari ya ghorofa kumi na moja tumeirudia si mara mbili, mara tatu, maana mama mwenye duka alichelewa kufika na Mama hakukubali aikose. Sasa hivi akipita mtu barabarani Mama anamwambia, "Mwanangu ni Mkuu wa Mng'aro," na mtu anaitikia hongera bila kujua ni kitu gani.

Shemeji yako mzima. Redio bado iko mezani. Unajua simu yangu ilizama kwenye ndoo. Basi akaamua kuitengeneza, akafungua na yake achukue kipuri. Kwa hiyo sasa tuna simu mbili, zote ziko wazi kama samaki aliyepasuliwa. Ndiyo maana utaendelea kupata mwandiko wangu.

Kazini ni kwema. Nyumba imekarabatiwa. Mabafu yote ishirini na mawili yamewekwa vigae vipya vyeupe kuanzia sakafuni mpaka kwenye dari, na bomba la mvua lenye kioo kama cha dirisha la duka. Yanapendeza. Maji yetu ya chumvi hayajali kama yanapendeza. Wiki moja tu ukoko umeshapanda ukutani. Tuna meneja mpya, mama mmoja mwembamba, haongei sana. Anatembea na kioo kidogo chenye mpini, anakichomeka kwenye kila tundu usiloweza kuliona na kuangalia. Amesema baada ya miezi michache atakagua bafu la kila mhudumu, na asiyefikia kiwango ataachia nafasi. Mimi sina wasiwasi. Ni hayo tu.

Mama amesema kalamu isiwekwe chini, ana lake. Amemsimamisha mama mwenye duka nyuma yangu ahakikishe naandika neno kwa neno. Haya:

"Mwanangu, dada yako anakudanganya. Aliteleza kwenye beseni la kuogea huko kazini kwake, chumba namba sita, mwezi wa kumi na moja. Tangu hapo mkono wa kulia hauinuki kupita sikio. Anavaa gauni kwa kuanzia mkono mmoja kama mtoto. Kazini hajamwambia mtu. Hivyo vigae vya juu anavisugua kwa mkono wa kushoto huku amepanda kigoda, na akirudi hapa hawezi hata kushika kikombe. Mimi sisikii, lakini macho ninayo."

Hayo ni maneno ya Mama. Mimi nimeandika tu.

Dada yako


25 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole, na sitaki kusikia kwamba hakuna cha kupewa pole. Mama mwambie ahsante, na kwamba kama ningekuwa na serikali ningempa usalama wa taifa.

Huyo meneja wako nimeshampa jina: Daktari wa Meno. Usimwogope. Nimeshakaa meza moja na mabosi wakubwa kuliko yeye, wakacheka mpaka wakapaliwa.

Mletaji wa barua hii ni muuguzi anayekuja likizo, ana boksi refu. Ndani yake kuna mashine ya kusugulia. Haina waya: ina betri kwenye mpini, unaichaji kwa muda wa saa nne, halafu inakwenda yenyewe. Fimbo yake inavutika, ukiivuta yote unafika darini huku miguu yako ipo sakafuni na kiwiko chako kipo kiunoni. Kiwiko kiunoni, dada! Bega halina kazi. Bega likae lisikilize muziki.

Sasa sikiliza maelekezo, na usiyaone marefu.

Brashi ni tatu. Ile bapa ni ya ukuta. Ile ya mviringo kama nusu ya chungwa ni ya sinki na bakuli la choo. Ile iliyochongoka ni ya pembeni, na ya ile mistari kati ya kigae na kigae, ambayo ndiyo inayomuumbua mtu. Kioo na mabomba yanayong'aa usiyaguse kwa brashi yoyote, yatachubuka. Tumia sifongo iliyomo kwenye mfuko. Lowesha ukuta kwanza. Sabuni ipake kuanzia chini kwenda juu, isije ikachirizika ikaacha michirizi kwenye kigae kikavu, kisha uiache dakika kumi iulainishe ukoko. Kusuuza ndiyo unaanzia juu kushuka. Dawa ya klorini na asidi ya chooni usizikutanishe kamwe, mvuke wake utakulaza. Na mashine usiigandamize! Watu wengi wanaigandamiza kama wanaua nyoka, inakwama. Iweke tu, iachie izunguke. Kichwa chake kinavumilia maji, mpini usiuzamishe.

Nyuma ya choo ndipo Daktari wa Meno atakapokukamata. Kunja taulo, uliweke sakafuni, lala kiubavu, na ulaze shavu la kushoto kwenye ubaridi wa bakuli. Hapo tu ndipo utaziona zile bolti mbili za nyuma na ule uchafu unaozizunguka kama pete. Ukiwa umepiga magoti huzioni, hata upige magoti mpaka yatoe sauti. Ingiza ile iliyochongoka kutokea kulia, pale penye nafasi ya vidole vitatu.

Mimi mwenyewe, bila shaka, kazi yangu ni kuelekeza tu. Brashi sijaishika tangu nipande cheo.

Meya, Mkuu wa Mng'aro, Ghorofa Zote


24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Muuguzi alifika na boksi, ametulia na ana heshima, Mama ameshamuuliza kama ameolewa. Ameolewa. Mama amesikitika kwa niaba yako.

Mashine nimeiona. Mama alidhani ni kipaza sauti, akaniambia niongelee hapo kwenye brashi labda atasikia. Shemeji yako aliizunguka siku mbili na bisibisi. Nimelala nimeikumbatia, la sivyo tungekuwa na simu mbili na mashine moja, zote wazi.

Barua yako niliwasomea. Nilipofika pale pa kulaza shavu nilisoma kimya kwanza, halafu nikaruka. Mama akauliza mbona nimenyamaza, nikasema wino umefifia. Bahati mama mwenye duka alikuwa na wateja.

Meya, mimi nimeosha vyoo miaka kumi na tisa. Nafasi ya vidole vitatu upande wa kulia, hata mimi niligundua mwaka wa nne. Mkuu wa ghorofa zote aliigunduaje?

Mashine yenyewe sijaitumia. Ipo juu ya kabati. Umeme na maji mimi sivichanganyi, na isitoshe wenzangu wakiiona watasema nimezeeka sasa nasaidiwa na mtambo. Nasugua kwa mkono kama kawaida. Kigoda nimekiongezea tofali chini.

Ukaguzi umepangwa, tarehe 15 Julai. Mimi nimepewa chumba namba kumi na mbili. Usiwe na wasiwasi.

Dada


13 Mei

Dada!

Shikamoo ya haraka haraka. Tofali! Mtu aliyekwishateleza mara moja anaweka tofali chini ya kigoda, kwenye sakafu ya vigae, yenye sabuni, halafu ananiandikia usiwe na wasiwasi. Sarakasi watu wanalipa kiingilio, wewe unamfanyia bure mgeni wa chumba namba kumi na mbili.

Umeme wa ukutani na maji, hapo una haki. Lakini hii ni betri, dada, kama ya tochi. Umewahi kusikia mtu amepigwa na tochi? Uichaji nyumbani, waya uuache nyumbani, kazini uende na mashine peke yake.

Na hao wenzako wakisema umezeeka waambie ndiyo, nimezeeka, na ninyi je, mnarudi utotoni? Huku vijana wenye vifua kama milango wanaitumia. Kuna mfanyakazi mmoja chini yangu, mtu mzima wa makamo hivi, mcheshi, sura nzuri, siku ya kwanza aliiwasha kabla hajaigusisha ukutani. Povu lote likamrukia usoni, akatoka kwenye korido mweupe kama keki, mgeni akampisha kwa adabu. Leo huyo mtu husugua mabafu kumi na manne kwa siku na jioni anashuka ngazi akiimba. Kwa hiyo igusishe ukutani kwanza, ndipo ubonyeze.

Lile swali lako la vidole vitatu nimelisoma. Wino ulikuwa umefifia.

Anza na bafu moja tu. Moja, kwa ajili yangu. Ukichukia, mpe Mama aongelee.

Meya


6 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, shemeji yako mzima, simu bado. Leo sina hamu ya kuandika habari za paka.

Niliitumia. Siku kumi nzima niliitumia, na nakuambia kwa haki, sikuwahi kujua kwamba kazi hii inaweza kufanyika bila kuuma meno. Niliweka kiwiko kiunoni kama ulivyosema. Ile mistari kati ya vigae iliyokuwa rangi ya chai imerudi nyeupe. Siku ya tatu nilifika nyumbani nikashika kikombe kwa mkono wa kulia, Mama akaniangalia, akaniongezea chai.

Sikumwonyesha mtu. Nilikuwa naibeba ndani ya taulo, nafunga mlango wa bafu, nafanya kazi. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumanne nilikuwa chumba namba kumi. Mgeni wa namba tisa, mzee mmoja anayeuza vitambaa, alishuka mapokezi na povu la kunyolea kidevuni. "Kuna mtu anatoboa ukuta wa bafu langu! Nyumba hii mmekarabati au bado?" Meneja akapanda na funguo zake. Akafungua, akanikuta nimenyoosha fimbo darini, sabuni inanichuruzika mpaka kiwikoni.

"Hicho nini?"

"Brashi, Meneja."

"Brashi gani inanguruma?"

"Ya mdogo wangu."

Akaizima mwenyewe. Akasema kifaa ambacho hakikutoka stoo yetu hakiingii chumba cha mgeni, kikiharibu kigae nani atajibu? Kisha akaniangalia kama anavyoangalia matundu.

"Unaitumia kwa nini? Mkono wako una nini?"

"Hauna kitu."

"Inua."

Nikainua wa kushoto.

"Wa kulia."

"Nimeshika ndoo, Meneja."

Alichukua mashine, akaifungia stoo, akasema ukaguzi wa tarehe 15 utafanyika kwa vifaa vya nyumba. Ni brashi ya mkono na kigoda. Nilimwambia sawa. Wenzangu nao nimewaambia nitaweza. Sasa nakuambia wewe peke yako, na hii sitaisoma kwa sauti kabla ya kuikunja: sitaweza. Vigae vya juu havifikiki kwa mkono wa kushoto kwa kiwango anachotaka, na nikipanda tena naogopa. Nina miaka hamsini na sita. Nikitoka pale sijui pa kuanzia.

Maelekezo yako yalikuwa mazuri. Aliyekufundisha alikaa chini miaka mingi. Sikuulizi tena.

Dada


26 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Hii usiisome barazani. Isome peke yako, ukiwa umekaa. Ningepiga simu dukani kwa jirani, lakini maneno haya si ya kuongea mbele ya watu wanaonunua sukari.

Hakuna mtu chini yangu. Chini yangu kuna sakafu.

Ni mimi niliyerukiwa na povu. Ni mimi wa mabafu kumi na manne. Miaka tisa hii naosha vyoo, dada, kazi ile ile uliyoifanya wewe kunilipia shule niliyoishia katikati. Niliondoka nikikuaga kwamba nakwenda kuwa mtu mkubwa, na ulinisindikiza umevaa nguo nzuri. Ningeandikaje? Barua ya kwanza niliandika "nipo kwenye usafi". Mkanijibu Mama amefurahi kusikia nasimamia usafi. Nikaona neno limejipandisha cheo lenyewe, nami nikalifuata nyuma. Kila barua nikaongeza ghorofa. Jengo lenyewe lina saba.

Sasa sikiliza kwa nini nakuambia leo, maana ningeweza kufa na hizo ghorofa nne za uongo na nisijute.

Mwaka juzi magoti yangu yalikataa. Sikusema. Nilikuwa nashona sifongo ndani ya suruali, natembea kama bata, huku nawaambia wenzangu kwamba kwetu watu wenye heshima ndivyo wanavyotembea. Wakaamini! Lakini choo hakiamini. Nyuma ya vyoo vya ghorofa yangu pakaanza kuwa pachafu, kwa sababu nikishuka chini sikuwa na uhakika wa kupanda. Msimamizi akaniita mara ya kwanza, nikamchekesha. Mara ya pili nikamchekesha. Mara ya tatu hakucheka. Akaniambia, "Wewe ni mvivu, nami sikukujua hivyo." Dada, nimetukanwa na watu wa mataifa mengi na nimerudisha yote na chenji juu. Lile moja lilinichoma. Mvivu! Nikavua viatu, nikapandisha suruali, nikamwonyesha magoti na sifongo zake.

Aliinama akazitazama. Halafu akasema kitu ambacho nakiandika kwako neno kwa neno: "Nilikuwa natafuta mtu wa kufukuza, kumbe nilipaswa kutafuta brashi ndefu." Wiki ile ile mashine ililetwa. Hiyo yako ni pacha wake, niliitafuta duka lile lile.

Daktari wa Meno hajui kwamba uliumia kwenye nyumba yake, ukifanya kazi yake. Anachokiona ni mtu anayefunga mlango na kuficha kitu ndani ya taulo. Mimi ningekuwa yeye ningekuogopa. Nenda kamwambie. Usimwambie habari za mashine, mwambie habari za bega. Chumba namba sita, mwezi wa kumi na moja, hauinuki kupita sikio. Anaweza kukuondoa, ndiyo, sikudanganyi, nimedanganya vya kutosha. Lakini ukipanda kile kigoda utaondoka vilevile, na pengine kwa machela.

Nimevua cheo changu chote ili uniamini kwa hili moja. Nenda.

Mama utamwambia wewe unavyoona. Nikirudi nyumbani nitakuwa mfupi kidogo kuliko mlivyonisimulia.

Mdogo wako tu


20 Julai

Mdogo wangu, Meya wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mama mzima. Shemeji yako ametengeneza simu moja: inapokea, haipigi.

Barua yako ilifika tarehe 13, siku mbili kabla. Niliisomea chumba cha kufulia, juu ya lundo la mashuka, na niliposimama nilikuwa nimelowesha shuka moja ambalo lilikuwa tayari limenyooshwa. Kisha nikaenda ofisini bila kubisha hodi mara ya pili, nisije nikapata muda wa kufikiri.

"Meneja, nilikudanganya. Bega la kulia haliinuki kupita hapa. Nilianguka chumba namba sita mwezi wa kumi na moja nikanyamaza."

Akaweka kalamu. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema, ningeondoka."

"Na leo kwa nini umesema?"

"Kuna mtu wangu amenitangulia kusema la kwake, Meneja. Nikaona aibu kubaki nyuma."

Hakuniambia pole. Yeye si mtu wa pole. Alisema, "Mhudumu wangu ameanguka na mimi sikujua, hapo wa kuona aibu ni nani?" Akachukua funguo, tukaenda stoo, akaniambia niiwashe mbele yake kwenye kigae kibovu kilichobaki cha ukarabati. Nikasugua dakika tano. Akakipeleka dirishani, akakigeuza, akapitisha ukucha. Hakikuchubuka. Nilimwonyesha na sifongo ya kioo. Akasema, "Tarehe 15 utakuja nayo."

Siku ya siku nilifanya chumba namba kumi na mbili mlango ukiwa wazi. Wenzangu walisimama koridoni kama wanatazama mpira. Mmoja alinong'ona kwamba huo si usafi, huo ni useremala. Nikamwacha. Meneja akaingia na kioo chake, akakagua juu, akakagua pembe, akafika kwenye choo, kioo kikakwama. Hakiingii nyuma. Akaniuliza nimejuaje kama huko ni safi. Nikakunja taulo nikamwekea. "Ulale kiubavu, Meneja. Shavu hapa." Meya, nilidhani nimejifukuzisha kazi. Akavua saa yake, akalala. Koridoni shingo zikarefuka. Tukasikia sauti yake kutoka chini: "Mh. Zinang'aa."

Nimebaki. Si kila kitu ni kizuri, nisikuongopee. Vitanda nimeondolewa, sitakiwi kuinua magodoro, na yule wa useremala amenuna kwa kuwa amepewa vya kwangu. Zahanati nimekwenda, Meneja amenitaka niende. Daktari anasema bega lina mazoezi yake, litarudi kiasi, pengine si lote. Nimeanza. Ukiniona ninavyotambaza vidole ukutani asubuhi utadhani natafuta swichi.

Mama nimemwambia. Nisamehe. Kumwambia Mama siri ni kutangaza, unajua masikio yake. Nilipiga kelele, "MEYA ANAOSHA VYOO KAMA MIMI," na mtaa mzima ukasimama. Mama akafikiri. Akauliza, "Vinang'aa?" Nikamwambia vinang'aa sana. Akasema, "Sasa mbona mnapiga kelele?" Jioni mama mwenye duka alikuja polepole kuuliza kama mdogo wangu anaweza kumshauri kuhusu sinki lake. Hakuna aliyecheka, Meya. Labda mmoja, na huyo tunajua choo chake kilivyo.

Kuhusu kukulipia shule, hapo nilipasoma mara nyingi. Sikukulipia ili upande ghorofa. Nilitaka mtu wa kuniandikia barua, na umeniandikia.

Nafupisha, maana nina kazi. Meneja ameagiza mashine ya pili na amesema kuanzia Jumatatu nifundishe wenzangu wawili. Mimi, kufundisha! Maelekezo yako nimeyanakili kwenye daftari, ila kuna kitu hukuandika na sitaki kuulizwa nikabaki nimekodoa macho. Sasa nakuuliza, fundi kwa fundi: dari ya juu ya bomba la mvua, penye rangi na si kigae, ikiota ukungu mweusi wa mvuke, wewe huwa unautoaje bila kubandua rangi? Unatumia brashi ipi, na dawa unaiacha dakika ngapi?

Nijibu kwa simu ya shemeji yako. Inapokea.

Dada yako